Upande Wenye Rangi

Vijana wa karakana, naanza kwa kuwaomba radhi. Niliishia darasa la saba, na mkono wangu umezoea chaki ya kuchoria chuma kuliko kalamu. Herufi zangu zinainama, na pengine nimeandika r palipotakiwa l, kama tunavyosema sisi watu wa Kidahwe. Naandika polepole pia. Ukurasa mmoja hunichukua asubuhi nzima hapa nyumbani kwangu Buzebazeba. Mkishindwa kusoma neno, lirukeni, lakini habari yenyewe msiiruke.

Nataka kuwaeleza jinsi sisi wa zamani tulivyokuwa tukichagua nikeli ya kazi hii na nikeli ya kazi ile, na kosa moja la mkono wangu ambalo karibu limpofushe mtu.

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika karakana ya jirani na bandari ya Kigoma kabla geti halijafunguliwa. Nilikuwa kijana mwenye haya kupita kiasi. Nyumbani walikuwa wakinitania kwamba hata mbuzi nikimfukuza namwomba samahani. Msimamizi wa karakana alikuwa mzee mfupi, mnene, ambaye wazazi wake walivuka ziwa kutoka upande wa Kongo. Wote tulimwita Papa. Shingoni alivaa sumaku ndogo yenye umbo la kwato, imefungwa kwa uzi wa nyavu.

"Shikamoo, Papa," nilisema.

"Nini?"

"Shikamoo."

"Weye unasalimia mie ao unasalimia viatu vyako?"

Mafundi walicheka. Papa hakucheka, ila alinishika bega na kunipeleka nyuma, kwenye kichanja cha mabomba na nondo za bei. Ncha moja ya kila bomba ilikuwa imepakwa rangi: nyekundu, nyeupe au kijani.

"Hizi zote mama yao ni nikeli," aliniambia. "Lakini watoto hawafanani. Nyekundu anapigana na moto. Nyeupe anapigana na chumvi. Kijani anapigana na kostiki. Ukimtuma wa chumvi kwenye moto, atakufa na atakuulia watu. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Unakataka upande gani?"

Sikujua. Niliangalia viatu vyangu tena.

"Upande usio na rangi! Siku zote! Rangi ndilo jina lake. Ukikata jina, kesho utamuitaje?"

Hilo ndilo somo la kwanza nililopewa kazini. Wala halikuwa gumu.

Nikeli ni metali nyeupe yenye umanjano kidogo wa mbali, nzito mkononi. Ikichanganywa na metali nyingine tunapata aloi, yaani mchanganyiko ulioyeyushwa pamoja ukawa kitu kimoja. Yenye rangi nyekundu kwetu ilikuwa nikeli iliyochanganywa na kromu. Kromu ndiyo inayotengeneza ngozi nyembamba juu ya chuma kinapopata joto kali, na ngozi hiyo huzuia moto usile ndani. Hiyo tuliitumia kwa meli. Valvu za moshi, zile zinazofunguka kutoa moshi kwenye injini, huishi katika joto ambalo chuma cha kawaida hulegea kama mshumaa. Tulikuwa tukizikereza, tukizisaga, tukizirudisha melini.

Wakati mmoja nilimuuliza Mkuu wa Karakana kwa nini tusitumie nikeli tupu kwenye moshi, maana nilidhani kilicho kitupu ndicho bora. Mkuu alikuwa mtu mrefu, nadhifu, mwenye jalada lenye majedwali ya metali, na hakuwahi kuchafua mikono. Lakini alikuwa anajua kazi. Aliniambia dizeli ina salfa, na nikeli tupu ikikutana na salfa ndani ya joto hupasuka kama biskuti. Kisha akaligonga jalada lake kwa kidole.

"Jedwali litakuambia nani anafaa. Halitakuambia nani umemshika mkononi. Hilo ni juu yako."

Nilikuja kuyakumbuka maneno hayo baadaye, na si kwa furaha.

Katika mwaka wangu wa pili yaliletwa mabomba matatu marefu ya nikeli tupu, yenye kijani. Yalikuwa ya kiwanda kidogo cha sabuni kule Ujiji. Sabuni yao walipika kwa mawese na kostiki, yaani magadi makali ya dukani ambayo yakidondoka mkononi yanakuvua ngozi. Kostiki ikiwa baridi, vyuma vingi huivumilia. Ikiwa nzito na ya moto, hubakia wachache sana, na mkubwa wao ni nikeli tupu. Mabomba hayo yalikuwa yawekwe hadi siku ya kubadilisha koili ya tangi, yaani bomba la mvuke linalozunguka ndani ya kostiki kuichemsha.

Kabla ya siku hiyo, kiwanda kilihitaji vipande vitatu vifupi vya kuunganishia pampu. Papa aliniambia nikate kimoja kwenye kila bomba, urefu wa kiganja. Mabomba yalikuwa yamelazwa ncha za kijani zikielekea kwenye jiliwa, kile kibano cha kushikia chuma kinapokatwa. Kuyageuza kulihitaji watu wawili. Mafundi wote walikuwa wameinama kwenye kazi ya meli, na mimi niliona haya kumwita mtu. Nikakata upande wenye rangi. Yote matatu.

Nilipomaliza ndipo nilipoona. Vipande vya kijani vilikuwa mkononi mwangu, na mabomba marefu yamelala kichanjani hayana jina. Rangi ilikuwa kabatini kwa Papa, na ufunguo anao yeye. Nikajisemea, kesho nitamwambia. Asubuhi ya kesho gari lilikuwa getini. Nilikuwa nimepangwa na kikundi cha kwenda kiwanda cha chumvi, mashariki, kwenye chemchemi za maji ya chumvi. Papa alikuja kutuaga. Alisimama karibu nami kabisa, hata nikasikia harufu ya tumbaku yake. Sikusema kitu.

Kule kwenye chumvi nilikaa karibu miaka miwili. Maji ya chumvi yalichemshwa kwenye masinia makubwa mpaka yakauke, na maji hayo yakiwa ya moto hula chuma mchana na usiku. Hata stenlesi, chuma kile cheupe cha sufuria nzuri, hutobolewa na chumvi vitundu vidogo kama vya sindano. Kwa hiyo mabomba muhimu yalikuwa ya rangi nyeupe, nikeli iliyochanganywa na shaba. Msimamizi wa zamu pale alikuwa Muha mwenzangu, mtu wa masihara. Alfajiri moja ya baridi alinisalimu, "Mwakeye, fundi," akanipa kipande cha nikeli-shaba.

"Jaribu kwa sumaku."

Nilijaribu. Sumaku ilishika, kwa unyonge lakini ilishika.

"Kiweke juu ya lile bati, urudi saa saba."

Saa saba jua lilikuwa kali. Kipande kilikuwa cha moto. Niliweka sumaku, ikateleza ikaanguka. Msimamizi alicheka mpaka akashika mbavu.

"Umeona? Asubuhi anakupenda, mchana anakukataa. Ukoo wa nikeli wote uko hivyo, kila mmoja na joto lake la kukuachia. Huyu huachia kwa jua tu. Nikeli tupu mpaka umpashe kwa tochi ya gesi. Chuma cha kawaida yeye king'ang'anizi, mpaka awe mwekundu kabisa."

Nilidhani ni mchezo tu wa kupoteza saa za zamu.

Niliporudi Kigoma mabomba matatu hayakuwapo kichanjani. Nikafurahi moyoni, nikijua yameshafanya kazi yake. Sikuuliza. Mwenye kosa haulizi.

Kumbe Papa alipokuwa likizo, uwanja ulisafishwa. Mafundi walipanga vyuma kwa kipimo cha mtaani ambacho hata leo mnakitumia: sumaku ikishika ni chuma cha kawaida, isiposhika ni stenlesi. Kwa vyuma vingi ni kweli. Lakini nikeli tupu sumaku huishika vizuri kabisa. Mabomba yale yasiyo na rangi yakashikwa, yakahesabiwa chuma cha kawaida, yakatolewa nje. Papa aliporudi na kuyakosa, aliamini wamepita nayo watu wa vyuma chakavu. Koili ya kiwanda cha sabuni ilipofikia kubadilishwa, ikawekwa ya stenlesi.

Mpishi mkuu wa sabuni pale Ujiji alikuwa Bi Mwajuma, mama wa makamo, mwenye sauti ya kusikika hadi sokoni. Yeye ndiye aliyekuwa akipanda ngazi ya tangi kutazama kostiki inavyochemka. Alijua kwa macho tu kwamba imeiva. Alikuwa akisema, "Mimi sina jedwali, nina macho mawili."

Siku moja mchana koili ilipasuka ndani ya tangi. Mvuke ulitoka kwenye ufa, ukairusha kostiki juu. Bi Mwajuma alikuwa ngazini. Sekunde ile mtu mmoja alikuwa amepita mlangoni akamwamkia, naye akageuza uso kumwitikia "Marahaba." Kostiki ikampata mkono wa kushoto na shingo. Macho yalipona kwa sababu ya salamu.

Tulipoitoa koili, Papa aliipitisha kwenye mwanga. Ilikuwa na nyufa nyembamba zenye matawi, kama mizizi ya nyasi. Pale bomba lilipokunjwa ndipo zilipojaa.

"Mie nilisema," Papa alimwambia Mkuu. "Stenlesi na kostiki ya moto hawalaliki nyumba moja."

"Ulisema, nakubali," Mkuu alijibu. Alikuwa amekunja uso, si kwa hasira bali kwa kukosa njia. "Lakini nikeli iko wapi? Ikiagizwa ni miezi. Kiwanda hakiwezi kusimama miezi. Tutaweka stenlesi nene zaidi, na tutaikagua mara kwa mara."

"Unene haumzuii huyu adui. Anapitaka katikati."

"Basi nionyeshe nikeli, Papa. Nionyeshe, nami nitaweka."

Papa aliilaza koili chini. Kazi ilipangwa Jumatatu. Bi Mwajuma, mkono ukiwa bado na bandeji, alikuwa ameshatuma salamu kwamba Jumanne atakuwa ngazini kwake, maana hakuna mwingine anayejua kuivisha.

Nilitoka getini kunywa chai kwa Mama Bukuru. Huyu alikuwa akituuzia chai na maandazi chini ya turubai lililosimamishwa kwa mabomba. Nimekaa hapo mara nyingi tangu nirudi. Siku hiyo sikuwa na hamu ya kutazama watu, nikawa natazama bomba lililo mbele yangu. Waya uliofungia turubai ulikuwa umekuwa kutu tupu, ukishikwa unakatika. Misumari ilikuwa imevimba kwa kutu. Bomba lenyewe, lililosimama kwenye mvua na upepo wa ziwa misimu yote ile, lilikuwa limefifia tu, na hata doa la kutu halikuwapo. Nilitazama mabomba mengine. Yalikuwa matatu.

"Mama Bukuru, mabomba haya umeyapata wapi?"

"Si hapo kwenu? Walinipa waliposafisha uwanja. Umeona mwizi hapa?"

Nilitazama ncha ya juu. Ilikuwa imekatwa kwa msumeno, na mkato umekwenda kombo kidogo kushoto. Niliujua mkato ule. Mkono wangu ndio uliokuwa ukienda kombo kushoto, na Papa alikuwa akinigombeza kila siku kwa hilo.

Chai ilipoa. Sijawahi kukaa muda mrefu vile na kikombe. Nikisema, nitaulizwa kwa nini yalikosa rangi, na kwa nini nilinyamaza miaka yote hiyo, na huenda nikarudishwa Kidahwe kulima. Nisiposema, Jumanne yule mama atapanda ngazi. Na hakuna aliyeahidi kwamba safari hii mtu atapita kumwamkia.

Nilirudi ndani nikasimama mbele ya Papa.

"Papa, nikeli ipo. Inashikilia turubai la Mama Bukuru. Mimi ndiye niliyekata upande wenye rangi."

Papa aliniangalia. Mafundi wawili waliacha kusaga.

"Lini?"

"Kabla sijaenda kwenye chumvi."

"Na siku ile nilikuja kukuaga?"

"Nilikuwa najua tayari."

Alitoa sumaku shingoni, akaiweka kiganjani, akaitazama kama mtu anayesoma saa. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea kwake, "Twende kwanza. Nitakugombeza tukirudi."

Mkuu hakuamini. Alikuja mwenyewe hadi kwenye turubai, akaweka sumaku, ikashika. "Hiki ni chuma tu," alisema. Hapo ndipo nilipolikumbuka jua la saa saba kule kwenye chumvi. Niliomba tochi ya gesi. Nilishika kipande cha bomba la kawaida mkono mmoja, na Papa akasogeza ncha ya bomba la Mama Bukuru. Nilivipasha vyote viwili sawasawa, nikaacha kabla hakijawa chekundu hata kimoja, nikagusisha sumaku upesi. Bomba la kawaida liliing'ang'ania. Lile la Mama Bukuru likaiachia kama lisiloijua.

Tulisubiri kidogo likapoa. Sumaku ikashika tena.

Mkuu alivua miwani. "Hili halimo kwenye jalada langu," alisema, kisha akacheka kidogo. "Au limo, na sikufika ukurasa huo."

Sasa likabaki jambo la Mama Bukuru, ambaye alikuwa ameshika bomba lake kwa mikono miwili.

"Mnataka kunivua nguo mchana kweupe? Mlinipa wenyewe!"

"Tutakupa mengine, mama."

"Yapi? Yale ya kutu?"

Papa alimletea mabomba mapya ya stenlesi, yaliyokuwa yamewekwa kwa koili ya Jumatatu. Yaling'aa mpaka tukajiona nyuso. Mama Bukuru aliyazunguka, akayagonga kwa kijiko, akasikiliza.

"Haya yanameremeta," alisema. "Yale yenu yalikuwa yamepauka. Mmejipunja wenyewe."

Hatukumbishia.

Koili ile niliichomelea mimi. Papa alisema aliyekata jina ndiye atakayelirudisha. Kuchomelea nikeli si sawa na chuma. Haitiririki, inakaa pale ulipoiweka kama ugali mzito, na ni mkono wako unaoisogeza. Uchafu kidogo tu, grisi, rangi, chaki ya kuchoria, huleta salfa au risasi ndani ya kiungo, na kiungo kikipoa kinapasuka. Nilisugua, nikafuta kwa kitambaa safi na dawa, nikasugua tena. Papa alikaa juu ya ndoo pembeni yangu siku mbili nzima, akanigombeza kama alivyoahidi, polepole, kwa mafungu, kila nilipoinua kofia ya kuchomelea. Sijui kama nimewahi kufurahia kugombezwa namna ile.

Siku ya kuifunga Ujiji, Bi Mwajuma alikuwa amesimama chini ya ngazi. Nilimwamkia, nikamweleza yote. Ilibidi anishike kidevu kuniinua uso ili asikie.

"Kwa hiyo ulinyamaza kwa haya?"

"Ndiyo, mama."

"Haya ni nzuri penye sinia la chakula, baba. Penye kostiki haifai." Akanionyesha mkono wake uliobabuka. "Ukitaka kunyamaza tena, njoo kwanza uutazame huu."

Kisha akapanda ngazi, akainama juu ya tangi, akapiga kelele kwa wenzake wafungue mvuke. Mimi nilisimama chini nikiwa nimeshika ngazi kwa mikono miwili mpaka kostiki ilipochemka. Alishuka, akanikuta bado nimeshika. Alicheka sana.

Tangu siku hiyo karakana yetu iliacha kupaka rangi ncha peke yake. Papa aliamuru mstari wa rangi upakwe kutoka mwanzo wa bomba hadi mwisho, ili ukate popote, jina libaki pande zote mbili. Mistari mingi niliipaka mimi. Papa alipostaafu, Mkuu mwingine aliyekuja alinifanya msimamizi, na vijana wenye haya niliwapokea kwa mkono wangu. Sikuwauliza kama wanasalimia viatu vyao. Niliwauliza tu, kila Ijumaa kabla ya kufunga, "Nani amekata upande wenye rangi wiki hii?" Mwanzoni walikaa kimya. Baadaye walizoea kujibu.

Papa amelala udongoni sasa. Kiwanda cha sabuni kilifungwa, na koili yangu ilitolewa tangini haina ufa. Imekwenda wapi sijui. Bi Mwajuma yupo, mzee sana, na huwa nakwenda kumwamkia siku nikiwa na nguvu za kufika Ujiji. Uzi bado anatunga mwenyewe kwenye sindano. Mimi natumia miwani.

Sasa vijana, nawaomba mniandikie. Kama una bomba ambalo sumaku inalishika na kutu hailili, niambie kabla hujaliuza kwa wa vyuma chakavu. Pengine ni la kwangu. Kama mnapima metali kwa njia nyingine siku hizi, nifundisheni. Mwandiko usiwatie hofu, mmeshauona wangu. Na kama kuna mmoja wenu aliyekata upande wenye rangi na bado hajasema, aniandikie mimi kwanza, kwa mazoezi. Nitamjibu polepole, lakini nitamjibu. Halafu aende akamwambie msimamizi wake, kabla ya Jumanne.